CRP ya juu baada ya kuwekewa goti bandia

Ndugu, umeuliza kama CRP ya mama (protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi) kuwa juu siku ya 3 baada ya upasuaji ni dalili ya maambukizi kwenye goti. Hapana, haithibitishi. Upasuaji wenyewe huipandisha: hufika kilele siku ya 2 au 3, kisha kwa wengi hurudi kawaida ndani ya wiki 3 hadi 6. ESR, kipimo kingine cha damu cha uvimbe mwilini, ndiyo mvivu kushuka, huweza kukaa juu miezi kadhaa. Niko maabara hapa Mbale. Tunachohofia ni CRP iliyoshuka halafu ikapanda tena, au kidonda kisichoacha kutoa maji. Ikipanda tena, apimwe na malaria, maana nayo huipandisha. Damu peke yake haitoshi: daktari avute maji ya goti kwa sindano yaoteshwe maabara kuona kama kuna bakteria, na mama asianze antibayotiki za dukani kabla ya hapo, zitaficha mdudu.