Ukifungua ukurasa wa matirio kwenye databesi, anza kusoma kulia

Mnaoanza kudizaini, iwe kazini au bado mko chuo na mmepewa projekti, hili naliona karibu kila anapokuja mtu mpya. Anafungua databesi ya matirio, anaandika 6061 (namba ya aina moja ya aloi ya alumini), anabonyeza jina la kwanza lililotokea, anashuka mpaka kwenye nguvu ya mvutano, anakopi namba, kafunga. Ile safu ya mwisho kulia yenye maandishi madogo hajaigusa kabisa, na mimi nasema ile ndo ya kusoma kwanza kabla hata ya namba yenyewe.

Ila kabla hujafika huko, hakikisha uko kwenye ukurasa sahihi. 6061 peke yake haitoshi, habari yote iko kwenye herufi zinazokuja baada ya kistari. 6061-O ni alumini iliyolainishwa, ikifika kama MPa 55 tu (megapaskali, kipimo cha nguvu kwa eneo) inaanza kupinda bila kurudi. 6061-T6 ni aloi ileile, yaani magnesi na silikoni zimo kwa kiwango kilekile, tofauti ni kwamba imepashwa moto sana, ikapozwa ghafla, halafu ikawekwa kwenye joto la wastani kwa masaa kadhaa mpaka ikakomaa, na hiyo inavumilia mpaka MPa 276. Hiyo ni mara tano! Kwa hiyo usitegemee jedwali la kemikali likuonyeshe umeingia ukurasa gani maana kurasa zote mbili zitakuwa na jedwali linalofanana. Chuma cha 4140 ndo usiseme, kina kurasa kibao, kila mmoja na joto lake la kupashwa na unene wake, kwa hiyo mtu akikwambia "nimetumia 4140" muulize ya ukurasa upi.

Halafu kuna kurasa za jumla za kundi zima, mfano aloi zote za 6000, ambazo zinakupa kuanzia kiasi fulani mpaka kiasi fulani pamoja na wastani. Hizo ni za kulinganisha mwanzoni wakati bado unachagua, kwenye hesabu usiziingize, wastani wa aloi ishirini sio aloi yoyote unayoweza kuinunua.

Sasa turudi kwenye ile safu ya kulia. Chukua T6 hiyohiyo, kwenye nguvu ya uchovu, yaani mzigo unaojirudia mara nyingi, utakuta MPa 96.5. Ukisoma pembeni unaambiwa ni mizunguko milioni 500, mzigo unavuta na kusukuma kwa nguvu sawa, na kipande kilipimwa kwenye mashine ya R.R. Moore, ambayo inazungusha kijiti laini kilichopolishiwa vizuri. Kipande chako wewe kina tundu, kina nyuzi za bolti, labda kina kona kali, pengine na mahali pamechomelewa, na kila kimoja kati ya hivyo kinaishusha hiyo namba. Tena alumini haina ule mpaka unaoonekana kwenye vyuma vingi, kwamba mzigo ukiwa chini yake kipande kinadumu tu, kwa hiyo hiyo 96.5 bila kutaja mizunguko haina maana. Ukishuka kidogo kwenye kurefuka kabla ya kukatika utakuta mistari miwili, 12% na 17%, wa kwanza ni bamba la unene wa mm 1.6 na wa pili ni kijiti cha kipenyo cha mm 12.7. Zote mbili ni sahihi, na mtu ambaye hajasoma pembeni anachukua kubwa kwa sababu inapendeza. Uwiano wa Poisson wa 0.33, yaani kipande kinavyosinyaa upana kikivutwa, nao unaweza kukuta umeandikwa kuwa umekadiriwa kutokana na aloi zinazofanana, na ugumu wa Rockwell umegeuzwa kutoka kwenye wa Brinell (ni njia mbili za kupima ugumu), yaani hakuna aliyeupima kwa Rockwell.

Neno ninaloomba mlitafute kwa macho yote ni "kawaida" (kwa Kiingereza "typical"). Zile MPa 276 za kuanza kupinda na 310 za kukatika za T6 ni thamani za kawaida, yaani ndo unazotarajia ukipima, hakuna anayekuahidi. Kiwango cha ASTM B209 (ASTM ni shirika la viwango la Marekani) cha bamba la T6 kinadai angalau 240 na 290 hivi, na hizo ndo za kuwekea hesabu maana muuzaji akikuletea bamba linaloanza kupinda kwa 250 hajakukosea kitu. Tena kwenye chuma unene nao unaingia, mfano chuma cha S355 ni MPa 355 mpaka mm 16 tu, ukizidi hapo mpaka mm 40 inakuwa 345.

Kwenye desimali msishtuke. Moduli ya Young, yaani ukakamavu wa matirio, ya GPa 68.9 (GPa moja ni MPa 1000) inaonekana imepimwa kwa umakini wa ajabu, kumbe ni psi milioni 10 kamili (psi ni pauni kwa inchi ya mraba) iliyogeuzwa vipimo. Ukiandika 69 hujapoteza chochote.

Plastiki sitazimaliza leo, ila nailoni 66 iangalieni kama imepimwa kavu au imeshanyonya unyevu, ukakamavu wake unaweza kushuka hata zaidi ya nusu.

Kwenye karatasi yenu ya hesabu, pembeni ya kila namba andikeni hali ya matirio, unene, joto la kupimia, kama ni ya kawaida au ya chini kabisa, na mmeitoa wapi. Matirio yakifika, ombeni cheti cha kiwandani, linganisheni namba ya cheti na ile iliyopigwa kwenye bamba, halafu angalieni kama namba zake hazijashuka chini ya mlizotumia, kabla fundi hajawasha mashine.