Udongo ulivyobadili rangi za Yoshitomo Nara

Swali la wiki: mchoraji akigeukia sanamu, uchoraji wake hupata au hupoteza? Hupata, mradi sanamu isiwe picha iliyokuzwa tu. Mtazameni Mjapani Yoshitomo Nara.

Alizaliwa Hirosaki mwaka 1959, akasoma Aichi, kisha mwaka 1988 akaenda Düsseldorf, Ujerumani, alikofundishwa na mchoraji Mjerumani A. R. Penck. Ndipo yule mtoto anayejirudia katika picha zake, wa kichwa kikubwa na macho ya kununa, alipojitokeza wazi, nyuma yake patupu. Sanamu za awali zilimfuata hivyo hivyo: faibaglasi, ngozi laini, rangi bapa. Hata mbwa mweupe wa mita 8.5 aliyeko Jumba la Sanaa la Aomori (2005) anavutia kwa ukubwa kuliko kwa mkono uliomuunda.

Tetemeko na tsunami ya Machi 2011 huko Japani vilimkatisha kuchora. Alirudi kazini kupitia udongo, katika chuo chake cha zamani cha Aichi, akiukanda na kuukwangua kwa mikono. Kazi hizo zikasubiwa kwa bronzi, yaani zikanakiliwa kwa metali iliyoyeyushwa na kumiminwa.

Njia hii inaruhusu jambo ambalo tanuri hukataa. Chombo cha kuchomwa kwa kawaida huachwa na uwazi ndani. Bonge nene likibaki na unyevu, mvuke hulipasua. Udongo wa kusubia hauchomwi, kwa hiyo bonge linaweza kuwa zito utakavyo, likishikiliwa na vyuma ndani na kufunikwa kitambaa kibichi lisikauke na kupasuka. Kwa njia ya nta, hutolewa kalibu ya silikoni, humo hupakwa nta ya milimita 5 hivi, kisha nta hufunikwa ganda la kuhimili moto, huyeyushwa ikatoka, na bronzi humiminwa mahali pake. Ukisahau matundu ya hewa, sanamu hutoka na mapengo. Unene usipolingana, sehemu nene hupoa mwisho na kubonyea. Ila hasara kubwa hufanywa na msasa: fundi akisawazisha maungio kwa pupa, alama za vidole zinakwenda, na hizo ndizo kazi yenyewe.

Baada ya Nara kushika udongo, nyuso anazochora kwenye turubai zilibadilika. Hazijazwi tena rangi moja. Hujengwa kwa tabaka nyembamba, viraka juu ya viraka, mpaka shavu linakuwa na uzito na ukingo wa nywele unayeyuka.

Soko, kwa kweli, halikubaliani nami. Picha yake iliyouzwa kwa dola milioni 195.7 za Hong Kong mwaka 2019 ni ya mwaka 2000, bapa kabisa.