Kaunsela Usimchague kwa Vyeti vya Ukutani

Juzi dada mmoja kaniandikia inboksi, kanitumia maelezo ya makaunsela watatu wa kliniki moja hapa Mombasa. Mmoja alikuwa nesi, mmoja mwalimu, mmoja kasomea theolojia. Ananiuliza, "wewe umeshapitia haya, niende kwa nani?" Najibu hapa hapa maana wengi mnaniuliza, na hili jambo linanichoma mpaka leo.

Mama alifariki kwa figo, nikawa silali. Kaunsela wangu wa kwanza ana vyeti ukuta mzima. Nilipoanza tu kusema nahisi ni mimi niliyemchelewesha hospitali akanikatiza, akaniambia kulia hivyo ni kukosa imani, nimwachie Mungu. Jamani mimi nasali! Mawaidha nilishayapata matangani, pale nilikwenda nisikilizwe. Nikalipa, nikatoka na mzigo mzito kuliko nilioingia nao, na sijasahau.

Wa pili alifanya kazi ya unesi wodi ya dialisisi, kule wanakosafisha damu ya wagonjwa wa figo kwa mashine, kabla hajasomea ushauri. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza miguu ya mama ilianza kuvimba lini, na pumzi je, nikajua huyu anaelewa ninachosema. Anatumia CBT, yaani tiba ya kurekebisha mawazo na tabia, njia aliyoianzisha daktari Mmarekani Aaron Beck miaka ya 1960, mnalishika lile wazo linalokutesa mnalihoji. Akapiga mistari kwenye karatasi, huku nimewaza nini, huku ushahidi, huku kinachopinga. Usiku nikishtuka naandika. "Nimemuua mama." Kwenye ushahidi nikakosa cha kuandika, upande wa pili karatasi ikajaa, kliniki zote nilizompeleka, dawa zote nilizonunua. Usingizi ukarudi, kazini nimerudi, na najivunia sana kufika hapa.

Lakini shoga yangu hizo karatasi alizichukia. Yeye alisimama kwa kaunsela anayefuata njia ya mwanasaikolojia Mmarekani Carl Rogers, anakusikiliza bila kukuhukumu, hakupi amri, jibu unalifikia mwenyewe. Kwa hiyo msifuate jina la njia kwa sababu limemfaa fulani.

Muulizeni! Ulikuwa unafanya nini kabla ya hii kazi? Watu wenye shida kama yangu umeshawahudumia? Tukikaa tutafanya nini hasa? Umesajiliwa? Kenya sheria ya washauri na wanasaikolojia ipo tangu 2014, kwa hiyo kuuliza usajili si ukorofi. Akikasirika, ondoka. Pesa ni yako, na roho ni yako. Na kaunsela haandiki dawa, ukiwa unasikia sauti au unawaza kujiua usingoje apointimenti, mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali leo leo.

Sasa dada yangu, umesema shida yako ni ndoa na watoto, basi mimi ningeanza na huyo mwalimu, maana kaandika anakaa na familia nzima pamoja. Wa theolojia usimkimbie kwa alichosomea, mpigie umuulize kama anaweza kukusikiliza bila kukuhubiria. Na kama sesheni ya pili bado unamwogopa, badilisha, hana haki ya kukununia.