Suala lenu: Ngome ya mbao si inatiwa kiberiti tu?

SUALA: Ami shikamoo. Juzi barzani tulikuwa tunaangalia filamu ya masamurai kwenye simu tukaanza kubishana. Mie nasema ile ngome yao naona mbao tupu na vigae juu, sa adui si anaitia kiberiti tu kwisha? Ngome Kongwe yetu pale Forodhani mawe matupu. Wenzangu wakanicheka. Nipe cha kuwajibu.
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Marahaba mwanangu. Waliokucheka hawana haki, manake mifupa ya ule mnara wa katikati ya ngome kweli ni mbao, nchi yao Japani ina matetemeko na mbao inacheza kidogo pale ambapo jiwe linapasuka. Lakini hio mbao huioni. Angalia ngome ya Himeji, mnara wake mkuu ulimalizwa 1609 na bwana wa vita Ikeda Terumasa, nje kote imepigwa chokaa nene mpaka chini ya mapaa na hio chokaa ndo kinga ya moto, nyeupe pepepe mpaka wenyewe wakaifananisha na yangeyange. Na chokaa yao wanaichanganya na nyuzi za mimea na gundi ya mwani! Mwani bwana, si huu wa Paje lakini mwani.

Sa makosa yako ni kuangalia mnara tu. Ngome yenyewe ni njia. Pale Himeji kutoka lango la chini mpaka mnarani ukipiga mstari ni kama mita 130, kwa miguu unakwenda 325 hivi, kona, ngazi, kona tena, mahali unaona mnara uko mgongoni kwako na weye unateremka, lango jengine ni tundu tu unapita umeinama. Mgeni aliyepotea vichochoro vya Mji Mkongwe anakijua kizunguzungu hicho, ila kule ukutani kuna matundu, marefu ya mishale, ya duara na pembe tatu ya bunduki za utambi (bunduki walizipata kwa Wareno 1543, hao hao waliotusumbua huku). Ukiubana ukuta, juu kuna vidirisha vya kukudondoshea mawe. Kuna na malango ukishavunja la kwanza unajikuta kwenye ua wa mraba, la pili liko ubavuni limefungwa, na kuta zote zina watu wanakusubiri. Ushaingia demani.

Mawe yapo, ila chini, makubwa yamepangwa bila ya saruji. Ngome ya Kumamoto, kazi ya bwana wa vita mwengine, Kato Kiyomasa, ukuta unaanza na mteremko unaona hapa napanda, unavyozidi kupanda ndo unasimama wima, basi unabaki hapo hapo kama mjusi. Tetemeko la 2016 liliangusha sehemu nyingi za kuta hizo, nao wanazirudisha jiwe kwa jiwe.

Ila barzani usikubali kushindwa moja kwa moja. Tokugawa Ieyasu, bwana mkubwa wa Japani wakati huo, aliizingira ngome ya Osaka 1614 na jeshi kubwa akashindwa kuingia, wakapatana, na kwenye sulhu hio hio watu wake wakafukia mahandaki ya maji. 1615 akarudi, ngome ikaanguka na mnara ukateketea. Kwa hio kiberiti chako kilifanya kazi, lakini handaki lilikuwa lishafukiwa.