Nimeitwa niwe mkuu wa dizaini, na dizaina ni mimi peke yangu

SWALI: Dada habari za kazi. Nina miaka minne kwenye dizaini, nimezoea kupewa kazi nafanya narudisha. Sasa kampuni moja changa ya watu tisa wamenifuata wanataka niwe mkuu wa dizaini, mshahara uko chini ya huu ninaopata ila wanasema watanipa hisa. Sijawahi kuongoza mtu na huko hata wa kumuongoza hayupo. Naogopa nitaaibika. Nikubali?

JIBU: Mdogo wangu, hilo la kutokuwa na watu chini yako lisikunyime usingizi, kwenye kampuni ya watu tisa kuongoza dizaini maana yake ni kuamua kipi kitengenezwe na kipi kiachwe, halafu unakaa chini unakichora mwenyewe. Kitakachokuumiza ni kubeba cheo bila kuwa na neno la mwisho. Kwa hiyo kabla hujasaini muulize mwanzilishi, mimi na injinia tukibishana kuhusu skrini fulani nani anaamua? Akianza kuzunguka zunguka ujue utakuwa mtu wa kupaka rangi tu, mambo yote yanakuja kwako yameshaamuliwa.

Hisa nazo usiulize idadi, uliza ni asilimia ngapi ya kampuni nzima, maana hisa elfu kumi zinaweza kuwa nyingi au zisiwe kitu. Kawaida zinaiva kwa miaka 4, ukiondoka kabla ya mwaka 1 kutimia hupati hata moja, mwaka ukitimia unapata robo na zilizobaki zinaingia kidogo kidogo kila mwezi. Kama ni haki ya kununua hisa baadaye uliza na bei, na ukiacha kazi una siku ngapi za kuzinunua, wengi wanatoa 90 tu na watu wanalia hapo. Mshahara usipotosha kukuendesha hata bila hizo hisa, mimi ningekataa.

Sasa ukiingia. Mimi nilipopata nafasi kama yako miezi miwili ya kwanza niliimaliza kwenye kupanga vitufe na fonti zifanane programu nzima, kazi safi kabisa, kumbe wateja walikuwa wanakwama pale pale kwenye kujisajili na hakuna aliyekuwa amekaa nao akawaangalia. Hiyo bado inaniuma, kwa sababu kujua ilikuwa kazi ya siku moja. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya tovuti na programu, alishaandika mwaka 2000 kwamba ukijaribisha na watu 5 unaona karibu asilimia 85 ya matatizo ya matumizi, sasa watu watano nani atawakosa? Wakae na simu zao, wewe nyamaza, na mwanzilishi awe pembeni anaona kwa macho yake. Akishaona mteja anabonyeza sehemu moja mara nne na haelewi, huhitaji tena kumbembeleza kuhusu umuhimu wa dizaini.

Na tatizo lenyewe huenda lisiwe kwenye skrini kabisa. Wawili kati ya waanzilishi wa Airbnb, kampuni ya kukodisha nyumba mtandaoni, Brian Chesky na Joe Gebbia, wote wamesoma dizaini, mwaka 2009 waliona nyumba za New York hazikodishwi vizuri kwa sababu picha zake ni mbovu, wakakodi kamera wakaenda wenyewe nyumba kwa nyumba kupiga upya. Dizaini kwenye kampuni changa iko hivyo, unafuata pale mtu anapokwama hata kama hapana uhusiano na kuchora.

Kuajiri usikimbilie, ngoja mpaka kazi unayoikataa kila wiki iwe ya aina ile ile, hapo utajua unatafuta mtu wa nini.

Kwa hiyo jibu langu ni kubali, ila lile la nani anaamua mwambie akuandikie kwenye barua ya ajira, na muombe wiki ya kwanza usipewe kitu cha kuchora, akupe namba za simu za wateja walioacha kutumia.