Ukipewa umeneja wa timu ya programu, anza na muhali

Mtu akishaandika programu miaka mitano, sita, akawa ndiye anayepigiwa simu seva ikianguka, ofisi humwona ndiye wa kupewa timu. Tatizo ni kwamba kilichompandisha sicho atakachokwenda kukifanya. Fundi wa msimbo hupimwa kwa kilichotoka mkononi mwake. Meneja hupimwa kwa kilichotoka mikononi mwa wenziwe. Unguja na Pemba kuna jengine juu ya hilo. Watu wa timu moja mara nyingi ni watu wa mtaa mmoja, wamesoma skuli moja, wamekutana tena SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na mama zao wanajuana. Hapo ndipo huingia muhali, ile haya ya kumkatalia au kumwambia ukweli mtu mnayejuana. Asiyejua kuushika atashindwa umeneja hata kama anaijua Linux, mfumo unaoendesha seva, kama njia ya kwao.

Kabla ya cheo, omba majaribio. Chukua mradi mmoja wenye mwanzo na mwisho, wa miezi mitatu hivi, mathalani kuongeza malipo ya simu kwenye mfumo wa tiketi za boti. Uugawe katika vipande visivyozidi siku tatu kila kimoja, uvigawe kwa watu, umkabili mteja wewe, na tarehe uitaje wewe. Siku ngumu zisikupotoshe, kila kazi inazo. Tazama siku za kawaida: ukiona Jumanne yenye vikao vitatu na mstari sifuri wa msimbo inakukera kila wiki, jibu umeshalipata.

Ukikubali, mambo matatu yawe kwenye karatasi: unasimamia watu wangapi, una kauli gani katika kuajiri na mishahara, na je, baada ya miezi sita unaweza kurudi kwenye kazi ya zamani bila kupunguziwa mshahara? Hilo la tatu ndilo watu huona muhali kuliuliza, na ndilo lenye uzito kuliko mengine.

Kisha makabidhiano. Andika kila kitu ambacho ukiugua leo hakuna mwengine anayekijua: maneno ya siri ya seva, jina la tovuti linalipiwa lini na kwa kadi ya nani, funguo za kuunganisha malipo, nakala rudufu zinakaa wapi na lini mara ya mwisho mtu alijaribu kuzirudisha. Jina la tovuti ndilo hupasua vichwa. Mara nyingi lilisajiliwa kwa barua pepe binafsi ya mfanyakazi aliyekwisha ondoka, na siku ya kulipia onyo linakwenda kwenye sanduku lisilofunguliwa. Kila mstari wa orodha upate jina la wa kukabidhiwa na tarehe. Kwa mfumo wa kawaida wiki sita zinatosha. Kabidhi kwa vitendo. Mwenzako afanye, wewe ukae pembeni na mikono mapajani. Ukishaichukua kibodi, hujakabidhi.

Msimbo usiuache kabisa, ila ondoka njiani. Usijipe kipande ambacho wenzako wanakisubiri, maana siku utakapokuwa na vikao vinne kitalala, na watu watatu watalala nacho. Chukua hitilafu ndogo, majaribio, zana za ndani. Kukagua msimbo wa wenzio endelea, lakini usiwe wewe pekee wa kuidhinisha. Kosa baya kuliko yote, na meneja wapya wengi hulifanya, ni kuingia usiku ukaiandika upya kazi ya kijana kwa sababu "ingechukua muda kumweleza". Asubuhi kijana akiona alichokihangaikia siku tatu kimefutwa, hatokwambia kitu, kwa heshima. Atakachofanya ni kukuletea kazi nusu kuanzia siku hiyo, kwani anajua utaimaliza mwenyewe.

Sasa muhali wenyewe. Chukua mfano wa kijana aliyechelewesha moduli ya ankara, yaani kipande cha programu kinachotoa ankara, kwa wiki ya pili. Meneja aliyeshikwa na muhali humwambia, "Basi jitahidi ndugu yangu, tutaona," kisha akenda kulalamika kwa mwengine. Aliyekasirika humwandikia kwenye kundi la WhatsApp mbele ya watu wanane. Wa kwanza amemnyima taarifa, wa pili amemvunjia heshima, na moduli bado haijakwisha. Mwite peke yake, uanze na mlichokubaliana, umalizie na swali: "Tulikubaliana Jumatano ankara iwe imeshajaribiwa. Leo Jumatatu, majaribio saba kati ya kumi na mawili hayajapita. Kimekukwamisha nini?" Halafu nyamaza. Ukimya utakuwa mzito na utatamani kuujaza, usiujaze.

Jibu la kwanza huwa "hamna tatizo, kesho inshaallah". Inshaallah ni imani na adabu, iache pahala pake, lakini ifuatishie swali: "Kesho saa ngapi, na nitakachokiona kikifanya kazi ni kipi?" Hapo ndipo ukweli hutoka: hajaelewa namna kodi ya VAT inavyohesabiwa, au anasubiri data kutoka kwa mteja tangu Alkhamisi na ameona haya kusema. Hilo la pili ni lako wewe kulitatua siku hiyo hiyo.

Na ukimsimamia aliyekuzidi umri? Shikamoo yake ipo pale pale, kila asubuhi, mbele ya watu. Cheo hakiiondoi. Baada ya hapo swali la kazi ni lile lile na tarehe ni ile ile. Wazee wengi wa kazi hawachukii kuulizwa. Wanachokichukia ni kuulizwa kwa sauti ya kupandishwa cheo jana.

Mazungumzo ya mtu mmoja mmoja yawe kila wiki, nusu saa. Watu sita ni saa tatu, na ukiongeza robo saa ya kuandika ulichoahidi baada ya kila mmoja, ni saa nne na nusu. Zitenge kwenye kalenda kabla wengine hawajaijaza. Usiyageuze taarifa ya maendeleo ya kazi, hiyo ina kikao chake cha asubuhi. Kuhusu pahala pa kukutana, kuna mtego: mambo mengi ya kwetu huamuliwa barazani baada ya Magharibi, kahawani. Ni raha, lakini wanawake wa timu hawapo, na aliyeko Chake Chake hayupo pia. Zungumzeni mtakavyo, lakini lililoamuliwa barazani lisihesabiwe mpaka limeandikwa pahala ambapo wote wanaona na wanaweza kulipinga.

Muhali una upande wa juu pia. Mkurugenzi akikupigia akiwa kwa mteja na kukuuliza kama jambo fulani litawezekana mwezi huu, usiseme ndiyo wala hapana. Sema: "Nipe hadi kesho saa nne asubuhi niipigie hesabu." Kisha ipigie kweli, na timu. Akikujibu kwamba atakuongezea watu wawili, mkumbushe kwa upole alichokiandika Fred Brooks mwaka 1975 baada ya kusimamia mradi mkubwa wa IBM: kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Sababu unaweza kumchorea. Watu wanne wana njia 6 za kuwasiliana wao kwa wao, watu wanane wana njia 28, na wageni wanahitaji kufundishwa na wale wale waliochelewa.

Hesabu hiyo iguse na kalenda yetu. Watu watano kwa wiki mbili ni siku 50 za kazi, na ukitoa vikao huenda kila siku ina saa tano za kazi ya kufikiri: saa 250. Ramadhani ziweke nne, ziwe 200, na kazi nzito uipange asubuhi kabla akili hazijachoka. Tarehe ya kukabidhi kwa mteja isiangukie baina ya 28 Ramadhani na 4 Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, kwa sababu Idi inafuata mwezi na mwezi haufuati mkataba. Mpango wa mwaka jana usiunakili pia. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka kwa kalenda ya kawaida. Ijumaa usipandishe mabadiliko kwenye seva. Likivunjika jambo saa sita mchana, watu wako msikitini simu zimezimwa, na wanapotoka wiki imekwisha. Mifumo ya mahoteli nayo usiiguse mambo makubwa Julai na Agosti wala mwisho wa Disemba, wageni wakiwa wengi.

Kijambo kidogo kinachogharimu vikao: "saa tatu". Kwako ni asubuhi ya kazi, kwa mwenzako wa Berlin, anayeisoma kizungu, ni alasiri. Kwenye maandishi tumieni 09:00, na mtaje ni saa ya wapi. Ulaya ya kati iko nyuma yetu saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto, maana wao husogeza saa zao Machi na Oktoba, sisi hatusogezi.

Kuajiri ndiko muhali unakouma. Mtoto wa jirani ataleta karatasi zake, na pengine anafaa kweli. Kwa hiyo usimkatae, mpitishe njia ya wote: zoezi moja la saa mbili kwa kila mwombaji, majina yameondolewa, watu wawili wanapima kila mmoja peke yake kabla ya kulinganisha. Mwenye undugu na mwombaji atangaze na akae pembeni. Ukiulizwa na mama yake, una la kusema lisilo la kukwepa. Aliyepita apewe mkataba sahihi. Ofisi nyingi hunakili mkataba wa Dar es Salaam, ilhali kazi si jambo la Muungano: hapa inayotumika ni Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, na mchango wa hifadhi ya jamii unakwenda ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wa Zanzibar.

Baada ya miezi sita au saba, chukua likizo ya wiki mbili kamili. Kompyuta ibaki ofisini. Mteue atakayeshika nafasi, mwambie akupigie pale tu seva imeanguka na wamekwama. Kila simu itakayokufikia iandike: nani kapiga, kuhusu nini, na kwa nini hakuna mwengine aliyeweza. Ukirudi, hiyo ndiyo orodha ya makabidhiano iliyobaki.