Msiba Tunauweza, Kukamatwa Bado

Watanzania wa Marekani tukifiwa, hatuhitaji kufundishwa kazi. Siku hiyohiyo kamati imekaa, mweka hazina kapatikana, nyumba ya wafiwa imejaa masufuria, na mwili utafika Moshi au Tanga hata kama nusu ya waliochanga hawakumjua marehemu. Lakini mtu akishikwa na ICE, idara ya Marekani inayowakamata na kuwarudisha kwao wahamiaji, tunanong'ona. Mke anajifungia ndani kwa aibu, na sisi tunasema "tusiingilie ya watu."

Nimekaa kwenye kamati za aina hii hapa Houston, na naona vyama vyetu vya kufa na kuzikana vinaweza kabisa kuibeba familia hiyo. Ila tabia moja ibadilike. Msibani tunatangaza; mtu akikamatwa, tufunge mdomo. Picha yake, jina kamili na habari za makaratasi yake visiingie kwenye grupu la WhatsApp. Inatosha kusema mwenzetu ana shida, anayetaka kuchanga ampigie mweka hazina.

Kwanza ajulikane yuko wapi. Tovuti ya ICE ya kuwatafuta walio kizuizini inataka A-namba, yaani namba yake ya uhamiaji, na nchi aliyozaliwa, au majina yake na nchi hiyo. A-namba ipo kwenye kadi ya kibali cha kazi na kwenye barua za mahakama ya uhamiaji. Kama hamna, jaribuni majina yake kwa kila mpangilio, maana yetu huandikwa ovyo. Na mtafuteni tena kila siku: aliyelala Texas anaweza kuamkia Louisiana. Wa kwenda kumwona awe mwenye makaratasi safi. Wifi asiye na kibali abaki nyumbani, hata kama roho inamuuma.

Mahakama ya uhamiaji haikupi wakili wa kulipwa na serikali, kwa hiyo mchango wa kwanza ni wa wakili. Wakili mwenye leseni, jamani, si yule bwana anayejaza watu fomu baada ya ibada. Mahakama yenyewe ina orodha ya wanaosaidia bure. Aliye ndani aambiwe asisaini karatasi asiyoielewa, kwani nyingine ni za kukubali kuondoka.

Dhamana ya kutoka kizuizini si kila mtu hupewa. Ikitolewa, haipungui dola 1,500 na mara nyingi ni maelfu kadhaa. Anayelipa lazima awe na hadhi halali, na kesi ikiisha salama fedha hurudi kwa yule ambaye jina lake liko kwenye risiti. Basi andikeni mapema: ni zawadi, ni mkopo, au zinarudi kwenye mfuko? Nimeona watu waliokula sahani moja wakaacha kusalimiana kwa ajili ya risiti hiyo.

Mengine ni madogo lakini yanauma. Gari lililoachwa barabarani huvutwa, na yadi inahesabu ada kila siku. Shule haimkabidhi mtoto kwa asiye kwenye orodha yake, kwa hiyo ongezeni jina la jirani mnayemwamini wiki hii. Mtoto aliyezaliwa huku, kama hajafika miaka 16, pasipoti yake inataka ridhaa ya wazazi wote wawili. Iombeni baba na mama wakiwa bado wako pamoja.

Kuna msiba mwingine tusiouhesabu. Aliyepitiliza viza kwa zaidi ya mwaka, akitoka tu, kwa kawaida anafungiwa kurudi miaka 10. Mama yake akifa, atayaona mazishi kwenye simu. Usimwambie "nenda tu ukamzike." Nendeni kwake, mfanye khitma au ibada sebuleni mwake, mkae naye usiku ule mazishi yanapoendelea nyumbani.

Na anayerudishwa apokelewe. Awepo mtu uwanja wa ndege Dar es Salaam mwenye laini ya simu, nauli na mahali pa kulala, kabla majirani hawajaanza kuuliza mbona karudi mikono mitupu. Huku nyuma kamati isivunjwe siku ndege inapoondoka. Mke bado anadaiwa kodi ya mwezi ujao, na zamu zake kazini zinaanza alfajiri, kabla shule hazijafunguliwa. Pangeni nani anakwenda kukaa na watoto saa hizo.